Tuliimba Tumekaa

Ipinda, 13 Novemba 1910

Kwa mdogo wangu Zebedayo, mwalimu wa huko Usafwa kwenye baridi.

Ndaga fijo, asante sana kwa blanketi. Limefika salama, linanukia moshi wa njia nzima. Humu Ipinda kujifunika blanketi lile ni sawa na kulala ndani ya chungu kilichofunikwa. Hata hivyo nimelivaa kanisani mara mbili ili watu waone kwamba nina ndugu. Shemeji yako Tusekile anasema nikizimia kwa joto atalichukua yeye.

Sisi tu wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Upepo umelaza migomba yote ya upande wa mto, kwa hiyo tunakula ndizi kwa haraka kama watu wenye ugomvi nazo. Mashamba ya mpunga yamelimwa, tunangoja mvua. Mwandiko wangu unauona mwenyewe. Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, na herufi zinalijua hilo, zinanidharau. Wewe ndiye uliyesema tuandikiane Kiswahili ili nisije nikapotea siku nikiitwa bomani, basi kosa lolote humu ni lako.

Sasa neno lililonikalisha chini. Jumapili iliyopita mchungaji alitukumbusha desturi ya Pasaka, kwamba alfajiri kanisa zima huenda makaburini kuwasalimu waliolala kwa habari ya ufufuko. Mama Felista akainuka, akauliza: na wale ambao watu wao wamelazwa mbali? Watu wote wakanitazama mimi. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni, nikasahau kwamba nguo yangu haina mfuko.

Wewe unajua. Asajile alipokufa huko kwenu, habari ilitufikia wewe umekwisha kumzika. Tulilia hapa, tukacheza ngoma ya msiba bila maiti, na hakuna mtu wa nyumbani aliyelikaribia kaburi lake mpaka leo. Na si mwanangu tu. Nusu ya watu wa kanisa hili walifundishwa kusoma naye kabla hajapelekwa huko juu kwenu. Basi wameamua kwamba Pasaka ijayo tutakuja kwa miguu, wanaume na wanawake, tumsalimu alfajiri pale alipo. Mimi nimewekwa kuwa kiongozi, kwa sababu ya uzazi, si kwa sababu ya miguu.

Ndipo ugomvi ulipoanza, juu ya mwendo. Aliko, yule aliyekuwa mpagazi wa boma, anasema twende kama wapagazi, tukimbizane na jua. Felista anasema akikimbizwa atakaa njiani na hatainuka mpaka Bwana arudi. Mimi nina goti la kushoto ambalo halijabatizwa bado, linafanya linavyotaka. Wewe umeipita njia hiyo mara nyingi. Tuambie twende mwendo gani ili tufike sote, na tufike tukiwa watu.

Tena jambo moja. Ulikuwa naye mwishoni. Ulipoandika mara ile hukuniambia kama alisema neno.

Msalimie Veronika. Mwambie mkewe mwalimu kwamba shemeji yake bado ana meno.

Mimi kaka yako,
Hezroni

Usafwa, 15 Januari 1911

Kaka yangu mpendwa Hezroni,

Barua yako imenifikia imezeeka. Mchukuzi aliugua Rungwe akailalia majuma kadhaa, na alipopona akaniletea pamoja na radhi na kuku mmoja. Kuku nimemla, radhi nimeipokea.

Huku tu wazima. Chui amechukua mbuzi wa Veronika, naye amemwombea chui huyo mambo ambayo mke wa mwalimu hapaswi kuyaomba. Shule ina watoto wengi kuliko mbao za kuandikia. Viazi vimekubali. Ng'ombe mwekundu nampongeza, na blanketi nalihurumia.

Habari ya mwendo. Kaka, msimsikilize Aliko, na msimsikilize Felista. Siku ya kwanza tembeeni kidogo hata muone aibu, mlale mahali ambapo bado mnausikia mji wenu. Misafara yote mikubwa hufanya hivyo. Aliyesahau kitu anarudi kukichukua, na aliyesahau ujasiri anarudi moja kwa moja bila kuwasumbua wengine. Tokeni asubuhi umande haujakauka, pumzikeni kabla hamjachoka, na mkipumzika msikae sana. Mkifika kwenye mlima mkubwa msiketi juu na jasho. Baridi ya pale haiwapendi watu wa ziwani.

Mwendo wenyewe mtaujua kwa wimbo. Tembeeni mkiimba. Wimbo ukikatikakatika kwa kukosa pumzi, mnakwenda mbio, punguzeni. Mkiweza kuimba na kusengenyana papo hapo, mnalala, ongezeni. Wimbo ukienda sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, huo ndio mwendo, hata kwa goti la mpagani. Nakuomba tu wimbo aanzishe Aliko. Wewe nakupenda, lakini nimewahi kukusikia.

Neno ulilouliza mwishoni tutaliongea tukiwa tumekaa, wewe na mimi.

Kuna habari nyingine ambayo pengine hujaipata. Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, waliopandisha vyungu hadi sokoni Rungwe wamenifikishia salamu za Marita. Anasema naye anakuja kumsalimu mumewe Asajile, atatembea na kina mama wa Felista. Hakuomba ruhusa, kaka. Ametoa taarifa. Nami nimeona ana haki.

Mdogo wako,
Zebedayo

Ipinda, 19 Februari 1911

Kwa Zebedayo, mwenye kutoa habari nzito mwishoni mwa barua kama mtu anayeacha mzigo mlangoni na kukimbia.

Tu wazima, mvua ipo. Mpunga umesimama vizuri na ndege wameshausikia, kwa hiyo Tusekile atabaki kuwafukuza, hatatembea nasi. Ndama ana akili kunizidi. Kuna maji mpaka kwenye kizingiti cha jiko, lakini hiyo si habari, ni Februari.

Ni kweli Marita anakuja. Felista amenithibitishia kwa sauti ya mtu ambaye hataki kubishiwa. Sikatai. Ni mke wa mwanangu, na tangu aliporudi kwa wazazi wake kule ufukweni hajaomba kitu kwetu hata siku moja. Lakini fikiri mwenyewe. Kwa mchungaji, maana ni Mzungu, ilinibidi nieleze kila kitu. Aliniuliza kwa nini nahangaika, njia si pana? Nikamwambia: Bwana, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akinisikia naja, huacha njia akajificha majanini mpaka nipite. Hatamki jina langu, hali chakula mbele yangu, hasemi nami. Ndiyo maana vijana wetu hujenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Mchungaji akafikiri kidogo akauliza kama hiyo ni chuki. Nikamwambia hapana, ni heshima, inafanana tu na chuki ukiitazama kwa mbali. Akaandika kitu.

Tangu mwanangu alipomwoa sijauona uso wake wala kuisikia sauti yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Namjua kwa vyungu. Kile tunachopikia ni cha mkono wake, na mdomo wake haujapinda mahali popote. Mtu anayefinyanga vile si mtu wa kubabaika.

Basi tumekaa kikao na Felista, na mpango ni huu. Wanawake watatangulia. Nikitangulia mimi, nitasahau kitu, nitageuka kukirudia, nitakutana na mkwe uso kwa uso. Wanaume tutafuata nyuma kwa mbali kidogo, umbali wa wimbo kusikika. Wanawake wakikaa kupumzika, wataweka jani la mgomba katikati ya njia nyuma yao, nami nikiliona nasimama palepale. Wakiinuka, Felista analiondoa na kulibeba, nasi tunaendelea. Na sisi tutaimba kama ulivyoagiza. Wakiusikia wimbo, watajua tunakuja. Wakisikia kimya, watajua mzee ameketi, nao hawatatuacha mbali.

Nimeuchunguza mpango huu kila upande, sijaona tundu. Naona kwamba ningeweza kuwa bwana wa boma.

Siku ya kuondoka bado hatujaipanga. Ndama ananitia wasiwasi.

Hezroni

Usafwa, 12 Machi 1911

Kaka Hezroni,

Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu mchukuzi amesimama mlangoni anahesabu mawingu. Sisi wazima, Veronika anawatandikia majani makavu mahali pa kulala, wanaume upande huu wa shule na wanawake upande ule.

Wapitaji wananiambia mlipanga kuondoka mkaahirisha. Kwanza ilikuwa ndama. Kisha mto Mbaka umejaa. Sasa nasikia ni goti. Ndama nasikia anaruka, na mto una daraja la miti ambalo mchungaji wenu amelivuka akiwa na baiskeli begani. Kuhusu goti siwezi kusema, sijaliona. Nasema tu kwamba tangu utoto wetu lilikuwa likikuuma tulipotumwa mahali usikotaka kwenda.

Mwendo wa polepole nimeusifu mimi mwenyewe. Lakini polepole huanza mtu akiwa ameondoka nyumbani. Pasaka ni tarehe kumi na sita Aprili, na haingoji.

Mpango wa jani ni mzuri.

Zebedayo

Rungwe, Jumapili ya Mitende, 9 Aprili 1911

Kwa mdogo wangu,

Naandika hii juu ya goti lenyewe, kwa hiyo herufi zikiinama ujue ni nani amezisukuma. Tarishi anakuja kwenu kesho, anakwenda mbio, namwonea wivu.

Nyumbani tuliwaacha wazima. Njiani mama mmoja amekanyaga mwiba, umetolewa. Siku ya kwanza tulifanya ulivyosema, tukalala mahali ambapo jogoo wetu anasikika, na kweli nilikuwa nimesahau kitu: blanketi. Aliko alikwenda akarudi nalo kabla maji hayajachemka, akanitazama tu.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Wimbo ulitoka sawa mpaka mwisho, na Felista, ambaye alisema miguu yake imekwisha, alikuwa mbele huko anacheka. Lakini tangu tulipoanza kupanda, Zebedayo, mambo yamelegea. Tunatembea kidogo, mara jani liko njiani. Tunakaa. Tunangoja. Jani halitoki. Juzi tulikaa tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Jana vivyo hivyo, na mvua juu.

Ni Marita. Amechoka, maskini. Amezoea mchanga wa ziwani, hii milima si yake. Sikutaka kuuliza habari za miguu ya mkwe wangu, ni aibu, lakini mwishowe nilimtuma Aliko aongee na Felista kwa mbali. Felista akajibu kwamba wanapumzika tu, hakuna neno, tusijali. Wewe umeoa, unajua mwanamke akisema hakuna neno maana yake nini. Basi nikawaambia wanaume watulie kabisa, wasiimbe hata kidogo, asije akadhani tunamhimiza. Tumekaa kimya kama watu waliovunja kitu.

Sinung'uniki. Nimesikia kwamba baada ya hapa kuna mlima mwingine mkubwa kuliko huu. Tukichelewa Pasaka itakuwa si kosa la mtu. Kaburi halihami. Tunaweza kumsalimu hata Jumatano yake, au tukaishia hapa Rungwe, ambapo kuna makaburi mazuri pia, tukamsalimu kutoka hapa tukielekea upande wenu. Nimeanza kulifikiri jambo hili. Niambie unalionaje.

Hezroni

Usafwa, Jumanne, 11 Aprili 1911

Kaka,

Leo sina salamu ndefu. Sisi wazima.

Tarishi amefika jioni hii. Amenipa barua yako, na pamoja nayo amenipa maneno ya mdomo kutoka kwa Felista, maana alipowapita wanaume aliwakuta wanawake mbele yenu wamekaa chini ya mti, wamejifunika majani ya mgomba. Felista alimwambia hivi: "Mwambie mwalimu tutachelewa. Goti la mzee limeharibika kabisa. Tunakaa kidogo kuvuta pumzi, tunasikia kwa nyuma kimya, basi Marita anasema hatuondoki, hatuwezi kumwacha baba peke yake mlimani. Marita mwenyewe angekuwa amefika huko siku nyingi."

Nilimsomea Veronika barua yako, kisha nikamweleza maneno ya Felista. Alicheka mpaka akatoka nje.

Sasa nikueleze polepole, kwa sababu mpango uliutunga wewe. Wanawake wanakaa, wanaweka jani. Wewe unaona jani, unakaa, unawanyamazisha watu. Wanawake wanasikia kimya, wanasema mzee hawezi, wanaendelea kukaa. Jani liko njiani kwa sababu mmenyamaza. Mmenyamaza kwa sababu jani liko njiani. Mngeweza kukaa hivyo kwa heshima mpaka mpunga wenu uvunwe na ndege.

Mkamwana wako hajachoka.

Kuna mambo mawili tena. La kwanza linaniuma. Nimeagizwa kuongoza ibada ya Pasaka kwenye kijiji cha ng'ambo ya milima, ambako hawana mwalimu. Naondoka kesho. Mkifika hamtanikuta. Veronika atakuonyesha mahali. Ni kaburi la mwisho la upande wa milima, nimelizungushia mawe meupe.

La pili, nilitaka nikuambie tukiwa tumekaa wawili. Haitawezekana, basi naliandika. Siku ile ya mwisho kichomi kilikuwa kimempa nafasi kidogo. Nilimwambia Asajile kwamba nitatuma mtu nyumbani haraka. Akasema: "Waambie wa nyumbani wasije mbio." Alikuwa na wasiwasi na mito, ilikuwa mvua kama sasa. Ndilo neno lake la mwisho lililoeleweka.

Sikukuandikia kwa sababu nakufahamu, kaka. Ungelifanya neno hilo kiti, ukalikalia. Sasa nakupa, na tafadhali lisikilize lilivyo. Alisema msije mbio. Hakusema msije.

Zebedayo

Ipinda, 4 Juni 1911

Kwa mdogo wangu Zebedayo, ambaye nilimfuata mpaka nyumbani kwake nikamkosa.

Tumerudi, tu wazima. Tusekile aliwashinda ndege, tumeanza kuvuna. Ndama amekuwa na pembe, au yeye anadhani ni pembe. Goti limepata sifa kubwa kijijini, watu wanakuja kulitazama. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya mavuno, na kwa sababu nyingine ambazo ni mavuno pia.

Barua yako ilitukuta Alhamisi chini ya ule mlima mkubwa, tumekaa. Jani lilikuwa mbele yetu pale, limelowa. Niliisoma peke yangu kando, kisha nikaisoma tena. Sehemu ya mpango niliisoma mara ya tatu ili nitafute mahali pa kujitetea. Halafu nikaikunja nikamwita Aliko nikamwambia waimbe.

Akauliza: "Tunaondoka, mzee?"

"Hatuondoki. Imbeni."

"Tumekaa?"

"Mmekaa."

Alinitazama kama siku ile ya blanketi. Lakini ni mtu mtii, akaanzisha, na wengine wakaitikia wakiwa wamekaa juu ya mizigo yao, mvua ikiwapiga usoni. Nadhani hakuna kwaya iliyowahi kuonekana ya kijinga kama ile. Ubeti wa pili haujaisha, nikaona mkono wa Felista ukitokea majanini kama mkono wa mtu anayeiba, ukalichukua jani. Tulipoinuka, wanawake walikuwa wamekwisha kupotea kwenye ukungu.

Kumbe mkamwana wangu ana miguu, Zebedayo. Baada ya hapo sisi ndio tuliokuwa tukipunguza. Tulipanda ule mlima wimbo ukikatika kila mahali, nikakumbuka maneno yako, nikasema taratibu, taratibu, na nyuma ya sauti zetu mbovu tulisikia mbele vicheko. Juu hatukuketi. Blanketi nililivaa siku nzima, naliomba radhi kwa yote niliyolisema. Kwenye mteremko goti lilitaka kuzungumza, nikamwambia Aliko aongeze sauti. Jumamosi tukaingia kwenu jua bado lipo, wanawake upande ule wa shule, wanaume upande huu, kama Veronika alivyotandika. Alitupa viazi. Hakunicheka mbele ya watu, nami ninamheshimu kwa hilo. Akanipa na kiti chako.

Alfajiri tulikwenda na kanisa la huko. Uliniambia kuna baridi, hukuniambia kuna baridi ya namna ile. Watu wote walisimama makaburini, mchungaji wenu akasoma, tukaitikia, jua likatoka nyuma ya ule mlima tulioupita. Ilikuwa vizuri, sina la kuongeza. Kisha kila ukoo ukaenda kwa watu wake, na Veronika akanielekeza kwa kidole.

Tulikuwa tumepatana na Felista kwamba mimi nitatangulia, kwa kuwa ni baba, na wanawake watangoja nje ya ua wa miti mpaka nimalize. Felista akampa Aliko lile jani, limekauka sasa, limechanikachanika, na Aliko akanipa mimi. Nikimaliza niliweke kando ya njia, wajue wanaweza kupita.

Basi nikaanza kwenda. Kutoka lango la ua mpaka kaburi la mwisho si mbali. Kuku angefika. Nilikwenda kidogo, nikayaona mawe yako meupe, nikasimama.

Nitakuambia ilivyokuwa, maana wengine watakuambia kwamba niliomba. Sikuomba. Nilisimama tu. Niliwaza kwamba mawe umeyapanga vizuri. Niliwaza habari ya ng'ombe. Goti halikuuma hata kidogo, nililitafuta nikalikosa. Nilikuwa nimetembea njia yote ile, na hapo palipobaki sikuwa na mwendo wa kupaendea, wa mbio wala wa polepole. Wanaume nao walinyamaza nyuma yangu kwa heshima. Kimya kikawa kirefu. Nikaona jinsi ninavyoweza kugeuka, na kwamba hakuna ambaye angenilaumu.

Ndipo nikasikia mtu anaimba nje ya ua.

Ni ule wimbo wa njiani, Zebedayo, ule wa Aliko. Mwanamke mmoja, peke yake, sauti nene kidogo, si ya haraka. Sauti ya Felista naijua, na ya Veronika naijua. Hii sikuijua. Hakuimba kwa kunionyesha kitu. Aliimba kama mtu anayetembea. Nilingoja wengine waitikie, hawakuitikia. Nadhani waliona si wimbo wao.

Miguu ikaondoka. Sikuiamuru, ilikuwa imezoea. Nilifika kabla ubeti haujaisha.

Nilimsalimu mwanangu. Nilimwambia tumekuja, na kwamba hatukuja mbio, kwa hilo anaweza kuwauliza watu wote wa njiani. Mengine ni yetu wawili. Nilipomaliza niliweka jani kando ya njia, mahali pa kuonekana, nikatokea upande wa pili kwenye viazi vya mtu. Sikugeuka. Nilisikia nyayo zikiingia, na wimbo ukakoma, na sikungoja kusikia zaidi.

Kurudi kulikuwa rahisi, kuteremka ni kuteremka. Hatukuongea habari ile, mimi na Felista, wala hakuna atakayeiongea. Mchungaji wetu amesikia kitu akaniuliza kama sasa ile desturi ya mkwe imekwisha. Nikamwambia haijaisha, iko palepale. Naona hakupata la kuandika.

Juma lililopita Wakisi walileta chungu hapa nyumbani, kidogo, kizuri, mdomo umenyooka kama vyote. Hawakusema kimetoka kwa nani na Tusekile hakuuliza. Tunawekea chumvi.

Umeniandikia kuuliza kama safari nyingine ikitokea tutumie mwendo gani. Muulize Aliko. Mimi siku hizi nikishuka kwenda ufukweni kununua samaki napita ile njia ya wafinyanzi, na nikikaribia nyumba zao naimba, ili mtu asikie naja, apate nafasi ya kuacha njia. Naanzisha mwenyewe, hakuna wa kunisaidia. Mbwa hawapendi. Lakini nimepita mara kadhaa sasa, na mpaka leo sijakuta jani.

Msalimie Veronika. Pasaka nyingine ukiagizwa kwingine, kataa.

Kaka yako,
Hezroni